Sarafu za Makaisari kwa Mwenye Kipato cha Kiasi

Mtu asiyeijua biashara ya vitu vya kale hustaajabu sana anapoambiwa kwamba kipande cha shaba kilichopigwa kwa amri ya Kaisari Constantinus mnamo mwaka 330, kikapita mikononi mwa askari na wachuuzi wa Trier au Antiokia, kisha kikalala ardhini kwa karne kumi na sita, hupatikana leo kwa njia ya halali na kwa bei isiyozidi ile ya chakula cha mchana cha watu wawili katika mkahawa wa heshima. Wengi wakisikia habari hiyo hudhani ama sarafu ni ya bandia, ama muuzaji ni mwizi. Yote mawili huwa kweli mara nyingine, na tutayafikia mahali pake. Lakini sababu ya msingi ya urahisi huo si udanganyifu, bali ni tarikhi yenyewe ya dola ya Kirumi, na mtu akiielewa tarikhi hiyo atakuwa amekwisha kujua ni sarafu zipi azitafute na zipi aziache kwa matajiri.

Tangu Augustus alipoyatengeneza upya mambo ya dola, kuanzia mwaka 27 K.K., mali ya Kirumi ilisimama juu ya dhahabu ya aureo, fedha ya dinari, na shaba za namna mbili, yaani ile ya manjano iliyotumika kupiga sestertio na dupondio, na ile nyekundu ya asi. Aureo moja ilikuwa dinari 25, dinari moja ilikuwa sestertio 4, na sestertio moja ilikuwa asi 4, hata mtu mwenye aureo moja mfukoni akawa na asi 400. Dinari ya Augustus ilikuwa fedha iliyokaribia kuwa safi, na uzito wake haukupungukiwa sana na gramu 4. Nero ndiye aliyefungua mlango wa upungufu, pale alipoamuru mnamo mwaka 64 B.K. kwamba ratili moja ya fedha itoe dinari 96 badala ya 84, na madini yenyewe yachanganywe zaidi na shaba. Na waliomfuata, isipokuwa wachache, waliupanua mlango huo badala ya kuufunga. Zama za Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi tuiitayo sasa Libya, dinari ilikuwa imebakiwa na nusu tu ya fedha au zaidi kidogo. Mwanawe Caracalla akaleta mwaka 215 sarafu mpya ambayo wataalamu huiita antoniniano, yenye sura ya mfalme aliyevikwa taji la miali ya jua, iliyopokewa, kwa dhana ya wanazuoni wengi, kama dinari mbili, ilhali fedha iliyokuwamo haikutosha hata kwa dinari mbili hafifu za siku hizo. Miaka hamsini na mitano baadaye, alipofariki Kaisari Claudius wa Pili, antoniniano hiyo ilikuwa kipande cha shaba kilichopakwa utando mwembamba wa fedha, na utando huo ulibanduka baada ya muda mfupi wa kushikwashikwa.

Hapo ndipo urahisi wa leo ulipozaliwa. Maadamu thamani ya fedha ilikuwa ikishuka, na mishahara ya askari ilikuwa lazima ilipwe, hapakuwa na hila nyingine ila kupiga vipande vingi zaidi, na vingi zaidi tena, katika viwanda vilivyoongezwa kila penye jeshi kubwa. Kisha watu wakavizika. Mwaka 1978, mahali ambapo Warumi walipaita Cunetio, katika jimbo la Wiltshire huko Uingereza, zilifukuliwa sarafu 54,951. Na mwaka 2010, katika shamba moja karibu na mji wa Frome, jimbo la Somerset, ukapatikana mtungi mmoja uliokuwa na sarafu 52,503, uzito wake ukiwa takriban kilo 160. Zamani ilidhaniwa kwamba kila mtungi wa namna hiyo ni akiba ya mtu aliyekimbia vita asirejee; lakini waliouchunguza mtungi wa Frome waliona kwamba ulikuwa dhaifu mno kubebwa ukiwa umejaa, kwa hiyo yapasa ulizikwa kwanza ndipo ukamiminiwa fedha, na baadhi yao wakaona yamkini ilikuwa sadaka kwa miungu. Jumba la makumbusho la Somerset liliununua mtungi huo kwa pauni 320,250, na mwenye kupenda hesabu akigawanya ataona kwamba kila sarafu, pamoja na zile chache za thamani kubwa zilizokuwamo, iligharimu wastani wa pauni 6 na peni 10. Hiyo ndiyo bei ya karne ya tatu ikiuzwa kwa jumla.

Kwa upande wa pili, kuna sarafu ambazo mwenye kipato cha kiasi hana budi kuzitazama katika vioo vya majumba ya makumbusho tu. Dhahabu, ijapokuwa hupatikana, huanzia maelfu ya dola. Vilevile wafalme waliotawala kwa muda mfupi: Otho, aliyekaa miezi mitatu katika ule mwaka wa fitina wa 69, Didius Julianus, aliyeununua ufalme kwa walinzi wa ikulu mwaka 193 kama anunuavyo mtu nyumba mnadani, akauawa baada ya miezi miwili, na Gordianus wa kwanza na wa pili, baba na mwana, waliotawala Afrika ya Kirumi kwa majuma matatu hivi mwaka 238. Sasa, wanaoanza kukusanya hupenda sana kujiwekea lengo la kupata sura ya kila kaisari, au kwa uchache wale kumi na wawili walioandikiwa habari zao na Suetonius, kuanzia Julius Caesar hata Domitianus. Lengo hilo lina utamu wake, nami siwalaumu walioliandama. Lakini kwa mtu wa mshahara ni njia mbaya, kwa maana humlazimisha kutoa fedha ya mwaka mzima kwa ajili ya Otho mmoja aliyefutika pua, na mwisho wake huwa na safu ya vichwa visivyozungumza wao kwa wao. Orodha ya wafalme ni mpango wa tajiri. Aliyepungukiwa na fedha na afuate suala moja, alitafutie majibu katika sarafu zile zile ambazo msukosuko wa dola ulizifanya kuwa nyingi.

Suala lililo karibu kabisa ni hilo hilo la kuporomoka kwa fedha, kwani ni la iktisadi, na linaweza kushikwa mkononi. Achukue mtu dinari ya Antoninus Pius, ya katikati ya karne ya pili, nyeupe na nzito kwa kiasi chake. Aiweke kando ya dinari ya Septimius Severus, iliyo nyembamba kidogo na yenye wekundu wa shaba unaochungulia mahali palipolika. Zifuatwe na antoniniano ya Gordianus wa Tatu, aliyetawala kuanzia 238 hata 244, ambayo bado ina sura ya fedha na kazi nzuri ya nakshi. Kisha moja ya Gallienus ya miaka ya 260, yenye ukingo uliopasuka na rangi ya kahawia. Kisha ile ya Aurelianus iliyopigwa baada ya marekebisho yake ya mwaka 274, yenye alama XXI chini yake, ambayo wengi huifasiri kuwa ni sehemu moja ya fedha kwa ishirini za shaba, kana kwamba serikali ilikuwa ikiapa mbele ya watu kwamba safari hii haidanganyi. Na mwisho ile sarafu kubwa ya shaba aliyoianzisha Diocletianus mnamo mwaka 294, yenye uzito wa gramu 10 hivi, ikiwa na picha ya roho mlinzi wa watu wa Roma akimimina sadaka. Sarafu hizo sita, zikichaguliwa kwa subira, hazitazidi sana dola 350 zote pamoja, na aliyezipanga mezani ataielewa amri ya bei ya mwaka 301, ambayo Diocletianus aliitoa ili kuwakataza wafanyabiashara wasipandishe bei za bidhaa zao, kuliko aliyeisoma vitabuni peke yake.

Linalonivutia mimi zaidi, hata hivyo, ni suala la wanyama. Gallienus alibaki peke yake katika ufalme mwaka 260, baada ya baba yake Valerianus kutekwa na Shapur, mfalme wa Uajemi, aibu ambayo haikuwahi kumpata kaisari mwingine kabla yake. Na katika mwaka au miaka miwili ya mwisho ya utawala wake, kabla ya kuuawa mwaka 268, kiwanda cha Roma kilitoa mfululizo wa sarafu za kuomba hifadhi kwa miungu, kila mungu akiwakilishwa na mnyama wake. Diana ana paa na kulungu. Apollo ana kentauro, yaani kiumbe nusu mtu nusu farasi, na pia ana yule simba mwenye kichwa na mbawa za tai. Liber, mungu wa mvinyo, ana chui. Neptunus ana farasi mwenye mkia wa samaki. Jua lina farasi wa mbawa. Wengi wa wanyama hawa huuzwa kwa dola 20 hata 50, wachache wakizidi hapo, na herufi ndogo iliyotiwa chini ya miguu ya mnyama hutaja karakana iliyopiga kipande hicho, hata mtu anaweza kuona jinsi kazi ilivyogawanywa ndani ya kiwanda kimoja.

Hebu tuitazame moja kwa karibu. Upana wake ni milimita 20, uzito wake gramu 3 kasoro, wala si duara, bali ni kama duara lililokatwa kwa haraka na mtu aliyekuwa na vipande elfu vingine vikimngoja. Upande wa kichwa yupo Gallienus mwenye ndevu fupi zilizosokotana, miali ya taji ikigusa ukingo na mmoja wao ukiwa umepotea nje ya shaba, na maandishi GALLIENVS AVG yamekosa herufi ya mwisho. Upande wa pili paa anatembea kwenda kulia, mguu mmoja wa mbele ameunyanyua, pembe zake zimelala nyuma kwa mstari mmoja uliochongwa kwa mkono mwepesi. Na kumzunguka yanasomeka, kwa mwenye kujua pa kuyatafuta, maneno DIANAE CONS AVG, maana yake ni kwamba sarafu imetolewa kwa Diana, mhifadhi wa kaisari. Muhuri wa juu ulipigwa upande, hivyo nusu ya mgongo wa paa imezama na nusu imetokeza. Fundi aliyeuchonga alikuwa stadi, na aliyeupiga nyundo alikuwa amechoka. Na katika sarafu ya dhahabu, iliyopigwa kwa uangalifu wote, mchovu huyo asingeonekana.

Mwenye kupenda wanyama atapata pia zile za Philippus, aliyezaliwa katika nchi ya Sham, ambaye mwaka 248 alifanya michezo mikubwa ya kuadhimisha miaka elfu moja ya mji wa Roma. Simba, mbwa mwitu jike anyonyeshaye wale pacha, kulungu na paa wamo katika sarafu hizo, na iliyo bora kuliko zote, kwa jicho la mtu wa Afrika, ni ya mkewe Otacilia Severa, kwa sababu nyuma yake amesimama kiboko. Hizi ni ghali kidogo kuliko za Gallienus, lakini bado hazijatoka mikononi mwa mtu wa kawaida.

Karne ya nne ina suala lake, nalo ni la mahali. Kuanzia siku za Diocletianus na Constantinus, karibu kila sarafu ya shaba huandikwa chini yake kifupisho cha mji ilikopigwa: PLON ni London, TR ni Trier, SIS ni Siscia katika nchi ya Kroatia ya leo, ANT ni Antiokia, ALE ni Iskandaria, na kadhalika. Aina moja ya sarafu, ile yenye askari wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi, ilipigwa tangu mwaka 330 katika viwanda vya dola nzima, kuanzia Trier na Lyon hata Antiokia na Iskandaria. Kwanza askari hao husimama na bendera mbili kati yao. Kisha, mnamo mwaka 335 au 336, sarafu ilipopunguzwa uzito, bendera ikabaki moja, hata asiye na mizani anaweza kupambanua ya kwanza na ya pili kwa kutazama tu. Kukusanya askari hawa kutoka kila mji ni kazi ya miaka, na gharama yake kwa kila kipande mara nyingi ni dola 10 hata 20. Wala si upuuzi kama wanavyodhani wengine, kwa maana mtu huanza kuona kwamba mchongaji wa Trier hakuwa na mkono wa mchongaji wa Iskandaria, ingawa wote wawili walikuwa wakitii amri ile ile.

Na kwa kuwa tumeitaja Iskandaria, msomaji wa pwani atauliza, na ana haki, kama fedha hii ilifika kwetu. Kile kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinaeleza bandari ya Rhapta, iliyokuwa mahali fulani katika pwani ya Tanzania ya sasa, na bidhaa zilizoletwa huko: mikuki, mashoka, visu, na vyombo vya kioo, na zilizochukuliwa: pembe za ndovu, pembe za kifaru, na magamba ya kobe. Fedha haitajwi kwa Rhapta. Inatajwa kwa kiasi kidogo huko Adulis katika Bahari ya Shamu, kwa ajili ya wageni waliokaa pale, na kwa wingi katika bandari za Bara Hindi, ambako dinari na aureo za Augustus na Tiberius zimefukuliwa hata leo, jambo linaloafikiana na malalamiko ya Plinius, mwandishi wa Kirumi, kwamba Uhindi, Uchina na Arabuni zilikuwa zikiinyonya dola sestertio milioni 100 kila mwaka. Pwani yetu ilifanya biashara na ulimwengu ule kwa chuma na kioo. Misri yenyewe ilikuwa na fedha yake ya kipekee, isiyoruhusiwa kutembea nje ya nchi, yaani tetradrakma nene za Iskandaria, zilizoandikwa kwa Kiyunani na kutajwa mwaka wa utawala wa mfalme, na zilizokoma Diocletianus alipoiingiza Misri katika utaratibu wa dola nzima katika miaka ya 290; na hizo za karne ya tatu ni rahisi mno kwa uzito na uzuri wake, labda kwa sababu wakusanyaji wengi hujifunza Kilatini kidogo kisha wakachoka.

Kilatini hicho kidogo, kwa kweli, ni lazima, lakini hakimshindi mtu. IMP ni jemadari mkuu, CAES na AVG ni majina ya cheo, P M ni kuhani mkuu, COS ni ukonsuli na nambari yake, P P ni baba wa taifa. Na TR P ni mamlaka ya wananchi, yaliyohesabiwa upya kila mwaka, hivi kwamba dinari ya Antoninus Pius iliyoandikwa TR P XVII haina shaka kuwa ilipigwa kati ya Desemba 153 na Desemba 154. Kuna vitu vichache duniani vyenye umri huo ambavyo hujitajia mwaka wavyo. Orodha kubwa ya sarafu hizi, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1923 na Harold Mattingly na Edward Sydenham, na ya kumi mwaka 1994, hununuliwa kwa fedha nyingi; lakini siku hizi Jumuiya ya Marekani ya Elimu ya Sarafu imeiweka sehemu kubwa ya maarifa hayo katika intaneti bila malipo, pamoja na picha, na kwa hiyo mtu wa Tanga au Mombasa anaweza kuitambua sarafu yake kwa uhakika ule ule wa mtu wa Vienna.

Ama kuhusu bei, ipo kanuni moja ambayo wauzaji huijua vizuri na wanunuzi huchelewa kuijifunza: sarafu ile ile, ya mfalme yule yule, huongezeka bei mara tatu au nne kwa tofauti ya uchakavu tu, wala ongezeko hilo halifuatani na ongezeko la maarifa. Dinari ya Faustina, mke wa Antoninus Pius, aliyefariki mapema katika enzi ya mumewe na akapigiwa sarafu za kumbukumbu kwa wingi wa ajabu, huweza kununuliwa kwa dola 70 ikiwa na sura inayotambulikana na maandishi kamili. Ile iliyong'aa kama imetoka kiwandani jana huombewa dola 300. Mwenye kiasi na achague maandishi kamili kuliko mng'ao, na sura iliyo katikati ya shaba kuliko ukubwa. Sestertio, ambazo ni pana na nzuri mno, zinamfaa tu kama yu radhi kuzipata zimechakaa, kwa kuwa sestertio nzuri imekwisha kuwa mali ya matajiri. Na aliye Afrika ya Mashariki akiagiza kutoka Ulaya akumbuke kwamba gharama ya posta iliyosajiliwa yaweza kuzidi bei ya sarafu moja ya shaba. Kwa hiyo ni afadhali angoje, anunue tano au sita kwa muuzaji mmoja kwa mara moja.

Bandia zipo, na ni za zamani. Huko Padua katika karne ya 16 Giovanni da Cavino alitengeneza sestertio kwa ustadi hata leo kazi zake zinakusanywa kwa jina lake. Na Carl Becker, Mjerumani aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri ya mamia ya sarafu za kale akawauzia wakuu na mabwana. Lakini mafundi wa namna hiyo hawajishughulishi na antoniniano ya dola 25, na hapa tena unyonge wa mfuko ni ngao. Hatari ya mnunuzi wa kiasi ni zile za kumiminwa katika kalibu, zinazouzwa kwa watalii karibu na magofu: ukingo wake una mstari wa kuungia, uso wake una vitundu vya hewa na ulaini kama wa sabuni, uzito wake haupatani na wa orodha. Mizani ndogo ya vito na kioo cha kukuza mara kumi humwondolea mtu nyingi za hizo. Tusizichanganye, lakini, na zile dinari za shaba zilizovikwa fedha na walaghai wa Kirumi wenyewe. Hizo ni za kale kweli, ni rahisi, nami nazipenda, kwa sababu zinaonyesha kwamba serikali haikuwa peke yake katika kazi ya kupunguza fedha.

Limebaki jambo zito. Sarafu iliyong'olewa ardhini bila kuandikwa ilikotoka imepoteza nusu ya habari zake, na nchi nyingi zilizokuwa chini ya Rumi, kama Italia, Uturuki, Misri na nyinginezo, huzihesabu sarafu za ardhi yao kuwa mali ya taifa na hukataza kutolewa bila idhini. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ulizifungulia nchi hizo mlango wa kudai. Mwaka 2020 huko London iliuzwa sarafu ya dhahabu ya Brutus, yenye majambia mawili ya kukumbusha jinsi yeye na wenzake walivyomuua Julius Caesar, kwa bei ambayo hadi wakati huo haikuwa imepata kutolewa kwa sarafu nyingine ya Kirumi. Ikabainika kwamba hati za asili yake zilikuwa za uongo, na mwaka 2023 ikarejeshwa Ugiriki. Uingereza ina utaratibu mwingine: kwa sheria ya hazina ya mwaka 1996, mwenye kufukua hana budi kutoa taarifa, makumbusho huchagua yanayoyataka kwa kuyalipia, na yanayosalia hurudishwa kwa wenyewe ili wayauze yakiwa yamekwisha kuandikwa. Kwa mtu anayetaka kununua na roho yake imetulia, sarafu zilizopita katika utaratibu huo, na zile zilizotoka katika mikusanyo ya zamani zikiwa na vikaratasi vyake, ndizo za kutangulizwa.

Ugumu ni kwamba sarafu ya dola 15 mara chache huwa na karatasi yoyote, kwani hakuna aliyeona faida ya kuiandikia. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo ni bure kuuliza. Mimi sikubaliani nao: muuzaji aulizwe, na kama jibu lake ni kwamba sarafu imetoka kwa mtu fulani katika mfuko wa mia, basi na aachwe. Hasa ziepukwe zile sarafu za udongo, zinazouzwa kwa kilo bila kusafishwa, kwa ahadi kwamba huenda ndani yake mna dhahabu. Zilizo nzuri zimekwisha kuchambuliwa kabla ya kufika sokoni, na ununuzi wake ndio unaomlisha yule mwenye kutembea usiku na chombo cha kutafutia madini katika magofu yasiyo yake.

Aliyekwisha kununua ana kazi ya kutunza. Utandu wa kijani kibichi au wa kahawia juu ya shaba ndio ngozi yake, na anayeung'arisha kwa dawa ya kusugulia vyombo huua bei na uzuri kwa pamoja. Kinachohofiwa ni ule unga wa kijani hafifu unaochomoza kama ukungu: ni chumvi ya kloridi ndani ya shaba inayoamshwa na unyevu, nayo huila sarafu na huendelea kula, na katika miji yetu ya pwani, yenye hewa nzito mwaka mzima, huamka upesi kuliko Ulaya. Kipande kilichoshikwa kitengwe, kiloweshwe katika maji yaliyokenekwa ya dukani, yakibadilishwa mara kwa mara, kikaushwe kabisa, kisha kiwekwe katika kisanduku kinachofungwa barabara pamoja na vile vifuko vya kunyonyea unyevu vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu na redio. Mifuko laini ya plastiki inayonuka isitumike, kwa sababu huacha mafuta ya kijani juu ya sarafu. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi zinatosha. Na juu ya kila bahasha iandikwe uzito, upana, nambari yake katika orodha kuu, tarehe iliyonunuliwa, bei, na jina la aliyeiuza na alivyosema kuhusu asili yake, hata kama aliyosema ni machache. Kwani mnunuzi wa pili ataanzia pale karatasi hiyo itakapoishia.